Mti wa Bunduki na Kazi ya Fundi Seremala

Katika mabaraza yetu na wananchi wa Palma, Quionga na Nangade, mafundi seremala na wachongaji wametuuliza swali ambalo halina jibu la neno moja. Mteja akija na gogo lake la mninga, akaomba achongewe mti wa bunduki, je, fundi anayepokea kazi hiyo anatenda kosa? Na mteja akisema kwamba bunduki yenyewe ni ya michezo, ya kulengea shabaha tu, fundi atajuaje kama anaambiwa kweli? Tumeona vema kulijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa fundi asiyekijua kitu anachoombwa kukichonga hawezi kujilinda, na kwa kuwa katika pwani yetu hii ubao wenye umbo la bunduki umekwisha kuwa jambo la uhai na mauti.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Tunaposema mti wa bunduki hatusemi kitako peke yake. Tunasema mwili mzima wa ubao unaobeba chuma, tangu kitako kinachokaa begani, kupita shingo inayoshikwa na mkono wa kulia, hadi sehemu ya mbele iliyo chini ya mtutu. Chuma ndicho kinachofyatua risasi, lakini mti ndio unaoamua chuma kikae vipi wakati wa mshindo. Mafundi wa majahazi watatuelewa upesi: mlingoti mzuri uliosimamishwa mahali palipolegea hauna faida kwa nahodha.

Yapo kweli mashindano ambamo mti wa bunduki unachongwa kwa umakini kuliko hata chuma chenyewe. Huitwa ulengaji shabaha wa mezani, nao una wafuasi wengi Marekani, Ulaya, Australia, na karibu nasi zaidi, Afrika Kusini. Mlengaji haishiki bunduki yake kama askari wala kama mwindaji. Hukaa kwenye kiti mbele ya meza nzito, aghalabu ya zege, na bunduki hulazwa juu ya mifuko miwili ya mchanga: mmoja mbele, juu ya kigoda cha chuma, na mwingine nyuma chini ya kitako. Baadhi yao hawaigusi bunduki ila kwa ncha ya kidole kwenye kifyatulio. Hashindi yule aliyepiga katikati ya shabaha. Anashinda yule ambaye matundu yake ya risasi yamekaribiana zaidi. Risasi tano au kumi hupigwa, kisha hupimwa umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana kuliko yote.

Masafa mafupi ya mchezo huo ni yadi 100, 200 na 300. Masafa marefu ni yadi 600 na 1000, na yadi 1000 ni mita 914, yaani karibu kilomita nzima. Ili msomaji apate picha, bunduki inayokosea kwa sehemu moja tu ya sitini ya digrii itakuwa imekosea sentimita 3 kwa umbali wa mita 100, na sentimita 27 kwa umbali huo wa mita 914. Mabingwa wa mchezo huu huweza, siku ya upepo mtulivu, kupiga risasi tano katika kundi linalofunikwa na kiganja cha mkono kwa umbali huo wa mwisho. Usahihi wa namna hii hautoki kwenye macho wala kwenye ushujaa. Unatoka kwenye vipimo, na sehemu kubwa ya vipimo hivyo imo katika mti.

Tazama jinsi unavyochongwa. Sehemu ya mbele, ambayo katika bunduki ya mwindaji ni ya mviringo ili ikae vizuri mkononi, hapa huwa bapa na pana kama ubao wa mbuzi ya nazi. Yaweza kufika inchi 3 kwa upana, yaani zaidi kidogo ya sentimita 7 na nusu. Upana huo huizuia bunduki isigeuke ubavu wakati risasi inapozunguka ndani ya mtutu. Upande wa chini wa kitako nao hunyoshwa, ili bunduki inaporudi nyuma kwa mshindo iteleze juu ya mifuko ya mchanga kwa mstari ulionyooka, kisha irudishwe palepale ilipokuwa. Kitako kilichoinama, kama kile cha bunduki ya kawaida, huinua mdomo wa mtutu kila inapopigwa. Mtutu wenyewe haugusi ubao hata kidogo. Huachwa uning'inie, na fundi hupitisha kipande cha karatasi kati ya chuma na mti ili kuhakikisha kwamba pana nafasi. Mahali chuma kinapokaa, ubao huimarishwa kwa nguzo ndogo za alumini na gundi ngumu inayomiminwa ikiwa majimaji na kuganda kwa umbo lilelile la chuma, pasibaki pengo hata la unywele.

Sababu ya usumbufu wote huo ni unyevu, na hapa hatuhitaji kumfundisha mtu wa pwani. Nani kati yetu hana mlango ambao wakati wa masika hukataa kufungwa, na ukifika wakati wa kusi hufungika kwa kidole? Ubao hunywa maji ya hewa ukavimba, kisha ukakauka na kusinyaa. Mti wa bunduki ukivimba huusukuma mtutu, na mtutu uliosukumwa kwa unene wa ukucha hutupa risasi mbali na pale ilipolengwa jana. Kwa sababu hiyo walengaji wengi wa siku hizi wameuacha ubao mmoja wa mjozi uliopendwa zamani, wakahamia kwenye mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka, au kwenye nyuzi za kioo na za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Vitu hivyo havijui masika wala kiangazi.

Wachongaji wa Mueda na wa uwanda wote wa Wamakonde huenda wakauliza: na mpingo je? Mpingo ni mzito mno. Gogo lake kavu huzama majini, na mti mzima wa bunduki uliochongwa kwa mpingo ungekuwa mzigo usiobebeka na ungeweza kupasuka kwa mshindo. Huko ng'ambo hutumika kama pambo tu, kipande kidogo kwenye ncha ya mbele au chini ya mshiko. Hata kipande hicho kina sheria yake: tangu tarehe 2 Januari 2017 mpingo, pamoja na jamii yake yote, umo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na hauvuki mpaka kwa biashara bila hati. Mninga hutulia kuliko miti mingi, haubadiliki sana kwa majira, na ndiyo maana wateja huutaja.

Tumeeleza haya yote kwa nia maalumu. Bunduki ya mezani ni kubwa na nzito. Katika mashindano ya yadi 1000, hata daraja lake jepesi huruhusiwa kufika ratili 17, karibu kilo 8, uzito wa mara mbili wa bunduki ya askari. Na daraja zito huzidi hapo sana. Haibebwi begani kuvuka Ruvuma, haifai kumwinda nguruwe shambani, na haina kazi mahali pasipo na uwanja wa kulengea shabaha, meza na mifuko ya mchanga. Basi mteja anayekuambia kwamba anataka mti wa bunduki ya michezo, kisha akataka uwe mfupi, mwembamba, wenye kukunjika au wa kufichika chini ya kanzu, amekwisha kujishuhudia mwenyewe. Fundi hahitaji kubishana naye. Amwambie kwamba kazi hiyo haiwezi, amwache aende, kisha atuarifu.

Wengi wa wateja, hata hivyo, hawaji na habari za michezo. Wanakuja na gobore la babu. Ni lazima tuseme neno juu ya magobore, kwa kuwa historia yake ndiyo inayoeleza kwa nini yamejaa kwetu. Kwa Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya yalipiga marufuku kuingizwa bunduki katika eneo kubwa la Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo karibu na pwani hadi maili 100 za baharini. Marufuku hiyo ililenga hasa bunduki zenye mtutu wa mifereji, ile mistari inayozunguka ndani ya mtutu kama parafujo na kuifanya risasi iruke ikizunguka. Bunduki za mtutu laini na za gumegume ziliachiwa mlango wazi kidogo, pamoja na baruti ya kawaida. Mkataba huo ulisema kwamba unapiga vita biashara ya watumwa, na sehemu hiyo ilikuwa kweli. Lakini ulihakikisha vilevile kwamba mwenye mifereji ni mtawala, na mwenye mtutu laini ni mtawaliwa. Gobore limebaki mikononi mwa mkulima wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kama masalio ya mgawanyo huo.

Miaka 27 baadaye mto wetu ulishuhudia tofauti hiyo kwa namna nyingine. Tarehe 25 Novemba 1917 majeshi ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalivuka Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno huko Negomano. Askari wake wengi walikuwa bado na bunduki kuukuu za mwaka 1871, ambazo moshi wa baruti yake uliwafichua kila walipopiga. Siku ile waliokota bunduki za Wareno zisizotoa moshi, wakazitupa za kwao. Bunduki ilivuka mto kwa kubadilisha mikono, kama zilivyovuka nyingi baada yake, katika vita vya ukombozi vilivyoanza Chai tarehe 25 Septemba 1964, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokoma kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Silaha ilipokwisha kazi haikurudi ilikotoka. Ilizikwa, ilifichwa darini, au ilirithiwa. Na mti wake ukaliwa na mchwa, kwa kuwa ubao huoza kabla ya chuma. Ndipo mrithi anapomkumbuka seremala.

Sasa tuje kwenye sheria. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika tarehe 3 Julai 2005, inazitaja sehemu za lazima za bunduki: mtutu, kiunzi cha chuma kinachobeba mtambo, komeo, na vinginevyo vya aina hiyo, hata kifaa cha kupunguza sauti. Mti haukutajwa kwa jina katika orodha hiyo. Baadhi ya watu wamelichukua jambo hili wakasema kwamba basi ubao ni ubao tu, na mwenye kuuchonga hana hatia kuliko mwenye kuchonga mwiko. Hawajasema kweli yote. Itifaki ya nchi za SADC kuhusu udhibiti wa silaha, iliyotiwa saini Blantyre tarehe 14 Agosti 2001, inazitaka nchi zetu kuhakikisha kwamba kila bunduki iliyo mikononi mwa raia ina kibali na alama yake. Na katika nchi zote mbili kutengeneza na kukarabati silaha ni kazi inayohitaji kibali chake peke yake. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo haikuliacha gobore nje. Msumbiji nayo ina kanuni zake za silaha na risasi, na kibali hutolewa kwa njia ya polisi. Mtu akikuletea gobore lisilo na kibali, ukalivika mti mpya likaweza kupigwa tena, hukuchonga ubao. Umefufua silaha isiyo halali, na bunduki yenyewe imelala karakanani kwako usiku ule ambao doria inapita.

Kumbukeni pia kwamba namba ya bunduki hupigwa kwenye chuma, wala si kwenye mti. Mti ukibadilishwa, sura ya bunduki hubadilika lakini utambulisho wake haubadiliki. Mteja anayekuomba usugue chuma "kiwe safi" mahali penye namba anakuomba jambo zito zaidi ya uchongaji, na hapo pasiwe na mazungumzo.

Tulisema mwanzoni kwamba jambo hili ni la uhai. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma mnamo Machi 2021, misitu na njia za wilaya zetu zinapitiwa na wanajeshi wa Msumbiji na wa Rwanda. Na ng'ambo, tangu shambulio la Kitaya la Oktoba 2020, ulinzi wa Mtwara umezidi. Askari aliye zamu hamwoni mtu kama unavyomwona jirani yako barazani. Nyosha mkono wako mbele ya uso, ushike punje ya mchele. Mtu mzima aliyesimama mita 300 kutoka kwako ni mdogo kuliko punje hiyo. Na kitu alichokibeba, chenye urefu wa mita moja, ni uzi wa milimita mbili. Katika uzi huo hakuna kibali kinachosomeka, hakuna tofauti kati ya mtutu laini na wa mifereji, wala hakuna namna ya kujua kwamba ni gobore la kufukuzia nyani. Kinachoonekana ni umbo, na umbo la bunduki linafanywa na mti. Askari anaweza kungoja apate hakika, au anaweza kuogopa. Sisi hatuwezi kuahidi ni lipi kati ya hayo mawili atakalolifanya.

Kwa hiyo hata ubao mtupu, usio na chuma chochote, una hatari yake. Watoto wetu tangu zamani wamejichongea bunduki za makuti na za shina la mpapai, wakachezea vita vichakani. Mchezo huo hauna ubaya wowote mahali penye amani kamili. Lakini kwa wakati huu tunawasihi wazazi wa Quirinde, Pundanhar na vijiji vyote vya kando ya njia wauache upite, na mafundi wasiuze bunduki za ubao zenye kimo cha kweli. Sanamu ndogo ya mpiganaji, ya kuwekwa mezani kwa mgeni, haituhusu. Mchongaji aendelee na riziki yake.

Nchi hii imewahi kuonyesha matumizi mengine ya mti wa bunduki. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilishana silaha kwa majembe. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, cherehani, baiskeli au mabati. Silaha zilikatwakatwa, na vipande vikapewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, aliunda mwaka 2001 kiti cha enzi kilichotengenezwa kwa vipande vya bunduki tupu, na kiti hicho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza huko London. Juu ya mgongo wake pamesimama vitako viwili, na matundu yake ya skrubu na ya mkanda yanafanana na nyuso za watu wanaotabasamu. Seremala yeyote wa hapa akikitazama atatambua kazi ya mwenziwe.

Kwa mwenye gobore au silaha ya zamani nyumbani, njia iko wazi. Umoja wa Afrika uliutenga mwezi wa Septemba wa kila mwaka, kwa uamuzi wa mwaka 2017 uliorefushwa hadi 2030, uwe mwezi wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Tanzania imekuwa ikitangaza msamaha wake karibu na majira hayo. Lakini huna haja ya kungoja Septemba ili kuzungumza nasi. Mwenye shida ya kweli ya nguruwe na tembo shambani aje aulize habari za kibali kabla hajaenda kwa fundi. Na fundi aliyeombwa kazi, kabla hajashika tezo, aombe kuona kibali cha bunduki. Asipoonyeshwa, asiipokee bunduki hata kwa usiku mmoja, kwa kisingizio kwamba mwenyewe atarudi kesho.

Jambo la mwisho ni namna ya kuisalimisha. Usiichukue silaha mkononi ukaja nayo kituoni, wala usiifunge kwenye mkeka ukaipakia juu ya pikipiki, kwa sababu njiani utakuwa wewe ndiye uzi ule wa milimita mbili. Iache pale ilipo, usiipakue, usijaribu kama bado inafyatuka, kwa kuwa baruti iliyolala miaka mingi ndani ya mtutu ulioliwa na kutu huweza kumpasukia aliyeishika. Mwambie kwanza mwenyekiti wa kitongoji au sekretario wa mtaa, au uje wewe mwenyewe mikono mitupu, utueleze ni wapi ilipo. Tutakuja kuichukua sisi, mchana, tukiwa tumewaarifu walinzi wa njia hiyo.